Nimeshindwa kumwaga chakula cha sherehe, sasa jirani ananikwepa

Mpendwa Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 41, ninaishi Pasua hapa Moshi na mume wangu ambaye ni fundi seremala. Kwa miaka sita sasa ninafanya kazi kwa mama mmoja anayepika chakula cha sherehe, yaani sendofu, harusi, ubarikio na hata misiba ya watu wenye uwezo. Kazi ninaipenda na malipo si mabaya. Kinachonisumbua ni kile kinachotokea baada ya wageni kuondoka. Nimekaa nacho moyoni muda mrefu, na sasa kimenigombanisha na watu ninaowapenda.

Nianze mbali kidogo ili unielewe. Nilikulia tambarare ya Same. Mwaka 1997, kabla ya mvua za El Nino kuanza, tulipata ukame ambao sitausahau. Nilikuwa na miaka 13. Mama alikuwa anapepeta mahindi yaliyotobolewa na dumuzi mpaka ule unga wa wadudu uruke wote, kisha anachemsha punje zilizobaki, ambazo zilikuwa kama maganda matupu, na kila mmoja wetu anapimiwa kikombe kimoja cha plastiki. Mdogo wangu alikuwa akimaliza anakigeuza kikombe na kukigonga kwenye kiganja ili aone kama kuna kilichoganda ndani. Hadi leo nikisikia mtu anagonga kikombe, tumbo linanikaza.

Mwezi wa nane mwaka huu tulipika sendofu ya watu 400. Kamati ilishikilia hesabu hiyo kwa sababu kadi zilizotoka zilikuwa za watu 400, lakini waliofika hawakuzidi 280. Saa saba usiku tulikuwa na sufuria mbili kubwa za pilau ambazo hazijaguswa, karai la kuku, ndizi nyama, na ndafu ambaye upande mmoja ulikuwa bado mzima. Bosi wangu ana amri moja: kilichobaki chote kimiminwe kwenye ndoo za mfuga nguruwe anayekuja alfajiri. Anasema aliwahi kulalamikiwa na wenye sherehe kwamba wafanyakazi wake wanaficha chakula kabla wageni hawajashiba, na tangu siku hiyo hataki kuona mtu anatoka na kifurushi. Nilishika upawa, nikaimimina pilau ile juu ya maganda ya tikiti na tishu zilizotumika, na machozi yakanitoka. Wenzangu walidhani ni moshi wa kuni.

Ukweli ni kwamba tangu mwaka jana nimekuwa nikiiba. Ninatumia neno hilo kwa kuwa sijui lingine. Ninaficha chakula kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, na asubuhi nampelekea bibi mmoja, jirani yetu, ambaye analea wajukuu watatu kwa kuuza mchicha na maparachichi. Nina bakuli la bati lenye maua mekundu. Ninalipeleka limejaa, naye hulirudisha limeoshwa na ndani ameweka chochote alicho nacho, fungu la mchicha au ndimu mbili.

Asubuhi baada ya sendofu ile nilimpelekea pilau, ilikuwa saa moja. Jioni yake mjukuu mdogo, wa miaka minne, alianza kutapika na kuharisha, akalazwa kwenye kituo cha afya siku mbili akitundikiwa dripu. Bibi hakunilaumu hata kwa neno moja. Siku ya tatu alirudisha bakuli likiwa na maparachichi matatu, akasema asante mwanangu, na tangu siku hiyo wajukuu wake hawaji tena kwangu. Yeye mwenyewe tukikutana njiani tunasalimiana tu, na anapita. Bakuli nimeliweka juu ya kabati, siwezi hata kulitumia.

Mume wangu aliniambia, "Umeona sasa? Chakula kikimwagwa au kisimwagwe, mwenye njaa anabaki na njaa yake. Wewe unajitwisha dunia." Binti yetu yuko kidato cha tatu, naye siku nilipomlazimisha kumaliza ugali aliniuliza kwa upole kabisa, "Mama, nikiumaliza huu, nani mwingine atakuwa ameshiba?" Sikuwa na jibu. Mdogo wake ana miaka sita. Wiki iliyopita nilimkalisha mezani karibu saa nzima amalize makande yake. Akamaliza, kisha akatapika. Namna alivyoniangalia, nilijiona mtu mbaya.

Naomba uniambie: je, kutomwaga chakula kuna maana yoyote kwa watu wenye njaa, au ninajifariji tu? Niendelee kumpelekea jirani au niache? Novemba na Desemba zinakuja, watu watarudi nyumbani, na kila Jumamosi tutakuwa na sherehe. Sijui nitaushikaje tena ule upawa.

Mama Wawili, Pasua, Moshi

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliishia kwa mdogo wako anayegonga kikombe, nikaiweka kando kwa muda kabla ya kuendelea.

Unauliza kama kuepuka kumwaga chakula kuna maana kwa wenye njaa. Ninapokusoma, naona umebeba mizigo mitatu juu ya ngata moja: chakula kinachomiminwa ukumbini, shida ya jirani yako, na njaa yako mwenyewe ya mwaka 1997. Kila unaposhika upawa, yote mitatu inakulemea kwa pamoja. Naomba tuishushe mmoja mmoja, kwa sababu kinachoupunguza huu huenda kisiuguse ule.

Nianze na mtoto, kwa kuwa nadhani ndiye anayekunyima usingizi. Sina njia ya kujua kama ni pilau ile iliyomfanya augue. Mtoto wa miaka minne huweza kuharisha kwa maji, kwa tunda lisilooshwa, au kwa virusi alivyoambukizwa na wenzake. Hata hivyo, nikihesabu saa zako siwezi kukuambia kwamba uiondoe kabisa kwenye mawazo. Chakula cha kuliwa saa tatu au saa nne usiku kinakuwa kimeiva jioni, tuseme saa kumi na moja. Kilimfikia bibi saa moja asubuhi, yaani saa kumi na nne baadaye. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida, kwa kuwa kati ya nyuzi joto 5 na 60 bakteria huzaliana upesi, na sufuria kubwa iliyofunikwa, hata katika baridi ya Agosti, hukaa na uvuguvugu huo kwa muda mrefu sana. Tena wali una hatari yake ya peke yake. Kuna bakteria ambaye chembe zake hustahimili kuchemka pamoja na mchele, kisha wali unapokaa vuguvugu huamka, huzaliana na kuacha sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha moto mpaka utoe mvuke. Inawezekana kabisa bibi aliipasha pilau ile vizuri na bado isisaidie kitu.

Wengi wetu hatukulijua hilo, kwa sababu tumekula kiporo cha wali na chai maisha yetu yote na hatukudhurika. Kiporo cha nyumbani ni sufuria ndogo inayopoa haraka na kuliwa na watu wanaojua kilipikwa saa ngapi. Sufuria ya kulisha watu mia ni jambo jingine, na wewe ulikwenda nayo kwa imani ile ile ya nyumbani. Ndiyo maana nasita kukujibu swali la kuendelea au kuacha kabla hatujajiuliza kwanza kinapelekwa chakula gani, na saa ngapi.

Sasa nije kwa mumeo na binti yako, kwa sababu hoja yao inastahili kuheshimiwa. Binti yako ana haki kwa sehemu kubwa, na ningependa umwambie hivyo kwa kinywa chako. Ugali unaosukumwa kwenye tumbo lililoshiba haumfikii mtu mwingine yeyote. Sisi wa umri wangu, tuliokula ule unga wa njano wa msaada tuliouita yanga, tuliambiwa tumalize kwa sababu kesho huenda hakuna, na sababu hiyo ilikuwa ya kweli kabisa. Baadaye vyungu vikajaa, sababu ikawa haipo tena, lakini amri ikabaki, na tukaitafutia sababu mpya ya watoto wenye njaa wa mahali fulani. Mtoto mwenye akili huona mara moja kwamba kamba hiyo imekatika katikati. Je, inawezekana kwamba ulipokuwa umemkalisha mwanao mbele ya makande, aliyekuwa mezani pale hakuwa yeye peke yake?

Mumeo anapokwenda mbali zaidi na kusema kwamba kikimwagwa au kisimwagwe ni sawa, hapo ningependa tumwombe atulie kidogo. Tuseme sufuria zile mbili zilikuwa na kilo 15 za mchele. Wewe ndiye mpishi, utanisahihisha. Kilo 15 za mchele hutoka kwenye karibu kilo 23 za mpunga, na kwa wastani wa dunia kila kilo ya mpunga hutumia karibu lita 2,500 za maji shambani. Jumla yake ni zaidi ya matangi 50 ya lita 1,000. Kama mchele ule ulilimwa Chekereni au Mabogini, ambako si mbali na hapo Pasua unapoishi, basi maji hayo yalitoka mito ya Rau na Njoro kupitia mifereji ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi. Mradi huo ulikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, na hadi leo maji yake hayatoshi eneo lote lililokusudiwa, hata wakulima wanagombea zamu. Mpunga ulioishia kwenye ndoo ulikunywa maji ambayo mkulima wa mwisho wa mfereji aliyasubiri akayakosa. Hapo kumwaga kunamgusa mtu mwenye upungufu, na mtu huyo anaishi karibu yako, ingawa hamkuonana na wala hakuhitaji bakuli lako.

Tena ukumbini mwenu palimwagwa kidogo sana ukilinganisha na kinachomwagwa duniani. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba mwaka 2022 tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa majumbani, mahotelini na madukani, karibu sehemu moja ya tano ya chakula chote kilichowafikia walaji, na zaidi ya nusu ya hizo zilitoka kwenye nyumba za kawaida. Mwaka uliofuata, watu kati ya milioni 713 na milioni 757 walikuwa na njaa. Mtu akiziweka hesabu hizo mbili pamoja anaona madebe mawili, moja linafurika na jingine tupu, na kazi inayobaki ni kumimina kutoka huku kwenda kule. Nadhani hivyo ndivyo moyo wako unavyoona kila saa saba usiku.

Naomba tuitazame picha hiyo kwa makini, kwa sababu ndiyo inayokuchosha. Mchumi wa Kihindi, Amartya Sen, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998, aliichunguza njaa kubwa ya Bengal ya mwaka 1943 iliyoua watu zaidi ya milioni mbili. Aliona kwamba chakula hakikuwa kimepungua kwa kiasi cha kueleza vifo hivyo vyote. Bei ilipanda, na vibarua na wavuvi wakashindwa kununua kilichokuwepo. Pita soko la Mbuyuni siku yoyote uone magunia yalivyopangwa, kisha ukumbuke kwamba bibi naye hupita hapo. Mahindi yapo. Pesa ya kuyanunua ndiyo inayomkimbia.

Na Same ya mwaka 1997, mwanangu? Mvua iliwanyima, ndiyo, lakini kwenye barua yako umenitajia pia dumuzi. Wadudu wale, ambao wakulima wengi huwaita scania, ni wageni; waligundulika huko Tabora miaka michache tu kabla wewe hujazaliwa, wakaenea nchini na kumaliza mahindi ndani ya maghala ya watu waliokuwa wamekwisha kuvuna. Mama yako alipambana na ukame, na pia na ghala lisiloweza kulinda kile kidogo alichopata. Hakuna ukumbi wa Moshi ambao pilau yake, hata ingehifadhiwa vizuri namna gani, ingekifikia kikombe cha mdogo wako. Sisemi hivyo ili kukukatisha tamaa. Nasema kwa sababu nahisi kwamba mwaka baada ya mwaka unamlipa mtoto yule deni ambalo si lako. Kama bado una ndugu wanaolima kule, siku hizi kuna mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, ambayo humfanya dumuzi afe kwa kukosa pumzi bila dawa yoyote, ilimradi mahindi yawe makavu kweli kabla ya kufungwa. Yakifungwa na unyevu huota ukungu, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, ni hatari: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Huenda mifuko michache mwezi wa saba ikaugusa moyo wako mahali ambapo ndoo ya siri haijaweza kupagusa.

Sasa bibi. Hapa ningependa tukae zaidi.

Umeniandikia kwamba analea wajukuu watatu kwa kuuza mchicha, lakini hukuniandikia kwamba aliwahi kukuambia ana njaa. Pengine anayo. Pengine Jumapili hana shida na chakula, na siku inayomshinda ni Jumanne, au ni daftari za shule, au kodi ya chumba. Pilau inayokuja baada ya sherehe inaifuata kalenda ya maharusi. Shida yake ina kalenda nyingine. Je, umewahi kumuuliza?

Lipo pia jambo la heshima, na lugha yetu imeliweka wazi. Kiporo ni kile kilichobaki sufuriani, na mtu humpa jirani yake bila aibu. Makombo ni kile kilichobaki kwenye sahani baada ya mtu kula, na hupewa kuku. Pilau yako ilikuwa kiporo safi, haijaguswa na mtu. Lakini ilitoka kwa siri, mahali ambako nyingine kama hiyo ilikuwa inaingia kwenye ndoo ya nguruwe, na sijui kama bibi analifahamu hilo wala analichukuliaje. Ninaamini ulimpa kwa upendo. Bado yeye ndiye anayejua alikipokeaje.

Maparachichi matatu umeyasoma kama kwaheri. Inawezekana. Lakini mama wa umri wake akitaka kukata ujirani hurudisha chombo kitupu, na yeye, akiwa ametoka kuuguza siku mbili, siku mbili ambazo hakuuza kitu, alichagua maparachichi matatu kutoka kwenye biashara yake akayaweka ndani. Labda ndiye anayeona aibu kukuzidi, akidhani unamwona mlezi asiyemwangalia mtoto. Labda amekasirika na anazuia ulimi kwa ajili ya ujirani, na kama ni hivyo ana haki. Labda ameogopa tu, na amewakataza watoto kula chakula cha nje. Ukienda kumwona, hatari ni kwamba utasikia neno litakalokuuma. Usipokwenda, wote wawili mtaendelea kusalimiana njiani kila mmoja akijibebea jibu alilojitungia. Mimi siwezi kukuchagulia, ila nimegundua kwamba katika barua nzima hujasema kwamba ulimpa pole kwa sauti, wala kwamba ulimweleza pilau ile ilipikwa saa ngapi.

Kuhusu neno kuiba, sitakuondolea wala sitakukazia. Chakula kile kililipiwa na michango ya watu, ni mali ya wenye sherehe, na bosi wako ameumwa na lawama mara moja hivyo anajilinda. Siioni amri yake kama ukatili. Hata mfuga nguruwe yule analisha watoto wake kwa ndoo ile, ilimradi ayachemshe mabaki kwanza, maana homa ya nguruwe hupita humo na haina tiba. Swali langu ni kama bosi amewahi kusikia kutoka kwako kwamba unalia unapomimina. Una miaka sita kwake. Mfanyakazi anayeficha ndoo na mfanyakazi anayeomba mazungumzo siku ya kazi ya kawaida, akiwa na wazo mkononi, husikilizwa tofauti.

Na wazo lipo, kwa sababu pilau iliyokufanya ulie iliharibika kabla haijapikwa, siku ile kamati iliposhikilia watu 400. Ninajua kwa nini walishikilia. Hapa kwetu chakula kuisha kabla ya wageni ni aibu inayosimuliwa kwa miaka, na hakuna mzazi wa bibi harusi anayetaka kubeba hadithi hiyo. Lakini je, ni lazima sufuria zote ziingie motoni jioni? Ratiba za ukumbini ni ndefu, mnajua hesabu halisi ya waliokaa kabla meza kuu haijaitwa kuchukua chakula, na sufuria ya mwisho inaweza kusubiri na viungo vyake vimekatwa, mchele ukiwa bado ndani ya mfuko. Kuna hatari ya foleni kusimama dakika kadhaa, na bosi atataka kujua nani atalaumiwa. Mweleze hivyo mwenyewe kabla hajakuuliza. Lakini mchele usiopikwa haumfanyi mtoto augue, unaweza kurudishwa kwa wenye sherehe, na wao wakipenda kumpa mtu, unafika Jumanne ukiwa mzima.

Njia nyingine ni kukubaliana na kamati tangu mwanzo kwamba kisichotolewa jikoni kifungwe mapema na kupelekwa kwenye kituo cha kulelea watoto kilichokwisha kukubali kukipokea usiku ule. Ufaransa tangu mwaka 2016 ina sheria inayokataza maduka makubwa kuharibu chakula kisichouzwa na kuyataka yafanye mikataba na mashirika ya misaada, lakini angalia kwamba kule sehemu kubwa ni chakula kilichofungwa bado, hakijafunuliwa. Cha kupikwa ni kigumu zaidi: nani ana gari saa nne usiku, nani atahakikisha bado ni cha moto, na mtoto akiugua jina la nani litatajwa? Hayo si maswali ya kukuzuia. Ni ya kujibiwa kabla ya Novemba, kwa sababu umekwisha kuona gharama ya kutoyauliza.

Ukiamua kuacha kabisa, nitakuelewa pia. Ninachohofia katika kuacha ni kwamba mkono wako huenda ukazoea upawa, na mtu anayelia jikoni saa saba usiku anaona kitu ambacho wengine ukumbini hawakioni. Ningesikitika ukipoteza hicho ili upate usingizi.

Kwa mwanao wa miaka sita, jaribu kumpa upawa yeye mwenyewe. Mwache ajipakulie kidogo, kisha aongeze, na kinachobaki sufuriani kipoe upesi kwenye chombo kipana na kiliwe asubuhi. Kama mna kuku, makombo yake ayapeleke yeye. Na siku moja ambayo hakuna chakula mbele yenu, msimulie habari za mjomba wake, au mama yake mdogo, na kikombe kile cha plastiki. Nadhani hata binti yako angependa kukaa akisikiliza.

Niandikie tena baada ya kuonana na bibi, ukiamua kuonana naye. Bakuli lililo juu ya kabati usimpelekee alfajiri. Nenda mchana, mjukuu akiwa anacheza nje ili umwone kwanza amepona, na kama siku hiyo huna pilau wala chochote kingine cha kupeleka, nunua mchicha wake uutie humo wewe mwenyewe, mkae muongee.

Mshauri wako